Mashine isiyo na kiti cha dereva: kijana asomee nini?

Mada iliyowasilishwa kwa wazazi, wanafunzi na wakazi katika kikao cha chuo cha ufundi



Picha za mashine za ujenzi zisizo na kebini zimezunguka kwenye simu za wengi. Loda inapakia mchanga na hakuna mtu ndani. Tipa halina mbele wala nyuma. Mzazi ambaye ameuza mbuzi ili mwanawe asomee kuendesha ekskaveta ana haki ya kuuliza kama karo hiyo inapotea bure. Kabla ya kumjibu, yafaa kujua picha zenyewe ni za nini.

Nyingi ni za mashine za dhana. Kampuni huzibuni ili kujaribu wazo, si kuziuza. Fundi cherehani hufanya vivyo hivyo anapokata kitambaa rahisi kwanza, kabla ya kugusa kile cha harusi. Baadhi ya mawazo huishia kwenye maonyesho, na mengine hufika kazini yakiwa yamebadilika sana.

Mwaka 2018 kampuni ya Volvo ya Sweden ilishirikiana na LEGO, watengenezaji wa vifaa vya kuchezea watoto, kubuni loda iitwayo Zeux. Watoto walishirikishwa kuijaribu. Haina kebini, lakini jambo la busara zaidi ndani yake ni mkono wenye kamera ulioitwa Jicho. Kibarua akitaka kupita mbele ya loda ya kawaida humtazama dereva usoni. Macho yakikutana, anajua ameonekana. Dereva akiondolewa, kibarua atatazamana na nani? Ndiyo maana Jicho lile lilibuniwa limgeukie mtu, naye ajue mashine imemwona. Miaka 4 baadaye, 2022, Volvo ilionyesha LX03, loda halisi ya majaribio yenye uzani wa tani 5, inayotumia betri na kujiendesha yenyewe. Wazo lililoanza kama kitu cha kuchezea likawa chuma.

Kampuni ya Komatsu ya Japani nayo ilionyesha mwaka 2016 lori la migodini lisilo na kebini, la kubeba tani 230. Magurudumu yake yote 4 hukata kona, na huenda mbele na nyuma kwa namna ileile. Aliyewahi kungoja tipa lirudi nyuma, lipige kona, lirudi tena ndipo lipakiwe anaelewa faida yake mara moja. Malori yanayojiendesha yenyewe, yakiwa bado na kebini, yamefanya kazi katika mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral nchini Chile tangu 2008.

Ukweli usemwe, ajira zimo hatarini. Mwaka huohuo wa Zeux, Volvo na kampuni ya ujenzi ya Skanska zilijaribu kwa wiki 10 mashine za umeme, zikiwemo za kubeba mawe bila dereva, katika machimbo ya Vikan Kross karibu na Gothenburg. Kampuni hizo zilitangaza kwamba hewa ya kaboni ilipungua kwa asilimia 98, na gharama ya nishati kwa asilimia 70. Takwimu ya tatu ndiyo ya kusomwa mara mbili: gharama ya waendeshaji ilipungua kwa asilimia 40. Hiyo ni mishahara ya watu.

Lakini tazameni mahali jaribio lilipofanyika. Machimbo yana mipaka, na mashine hupita njia ileile kutwa nzima. Barabara ya murram kijijini ni jambo jingine. Kuna watoto wanaotoka shule, ng'ombe, bodaboda, bomba la maji lisilo kwenye ramani yoyote, na nyanya anayetaka kujua kwa nini mtaro unaelekezwa shambani kwake. Opereta wa greda husimamisha mashine, akashuka, akazungumza naye. Hilo halijachorwa katika dhana yoyote.

Mabadiliko yatakayofika mapema huenda yasiwe ya kumwondoa dereva, bali ya kubadilisha kilicho chini ya boneti. Mwaka 2017 Volvo ilionyesha EX2, ekskaveta ndogo ya majaribio ambayo injini yake ya dizeli iliondolewa na kuwekwa betri, na mitambo ya haidroliki ikabadilishwa kwa mikono ya umeme. Mapema 2019 kampuni hiyo ikatangaza kwamba kuanzia 2020 ingetoa ekskaveta na loda ndogo za umeme, na kuacha kubuni za dizeli za ukubwa huo. Kiti cha opereta kilibaki. Aliyeona kazi yake ikibadilika ni fundi aliyejua dizeli peke yake.

Hapa nchini mfano uko Kilifi, kwenye mradi wa Mvule Gardens, ambako kampuni ya 14Trees ilijenga nyumba kwa printa kubwa ya saruji. Printa hufuata mchoro wa kompyuta na kumwaga kuta tabaka juu ya tabaka. Kazi ya kupanga tofali hapo imepungua, hakuna ubishi. Hata hivyo msingi, paa, mabomba, nyaya na milango vinangoja mafundi, na printa yenyewe inataka watu wa kuchanganya saruji kwa kipimo na kuichunga.

Kwa hivyo mwanafunzi wa ekskaveta asiache kozi. Aimalize na apate leseni yake. Akiwa chuoni aongeze umeme wa mitambo, usomaji wa ramani za ujenzi, na upimaji kwa GPS, kwa kuwa mashine inayojiendesha hutegemea vipimo ambavyo mtu alivichukua kwanza. Atakayetaka kupima kwa droni akumbuke kwamba lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA.

Nanyi wazazi, kabla ya kulipa karo ya muhula ujao, ingieni karakana. Ulizeni kama kuna mashine ambayo wanafunzi huifungua kwa mikono yao, na kama mwalimu wa umeme huwafundisha pia wale wa mitambo. Mkionyeshwa greda lililopakwa rangi ambalo halijawashwa tangu mwaka jana, ulizeni tena.