Ukinyunyiza Dawa, Subiri
Msikilizaji wa Kisii na Nyamira, hasa wewe unayepeleka sukuma wiki na nyanya soko la Keroka au Daraja Mbili: ukinyunyiza dawa ya wadudu leo, usivune kesho. Subiri. Kila dawa ina siku zake za kungoja, na zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Sumu inahitaji muda kupungua. Kuosha mboga hakutoshi, maana dawa nyingine huingia ndani ya jani. Najua, bei ikipanda kungoja ni kazi. Subiri tu. Chinsaga na managu za watoto wako pia, zisubiri. Dawa ya kupimiwa kwenye kichupa kisicho na kibandiko, usinunue. Maandishi yakikushinda, muulize mwenye agroveti au afisa wa kilimo, kabla hujafungua chupa.