Muswada Uko Ofisi Gani? Upinzani, Sheria Zinazochelewa na Usalama wa Abiria



Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Meli zetu za Tanzania wakati huo zilikuwa chini ya sheria ya mwaka 1967. Sheria iliyounda SUMATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, ilipatikana mwaka 2001, na sheria mpya ya meli mwaka 2003. Miaka saba! Tusiambiwe kwamba kutunga sheria ndivyo kulivyo. Katikati ya mwaka 2017 miswada ya maliasili iliingia bungeni kwa hati ya dharura, ikapitishwa ndani ya siku chache. Serikali ikitaka, hukimbia.

Sasa tuone upinzani hufanya nini muswada unapokwama. Aliyewahi kufuatilia kipindi cha maswali Dodoma anaujua mtindo wake. Mbunge anasimama: "Je, Serikali haioni umuhimu wa kuleta sheria?" Naibu Waziri anajibu kwa niaba ya Waziri: Serikali inaona umuhimu, mchakato unaendelea. Yanafuata maswali mawili ya nyongeza, ambayo mara nyingi ni hotuba fupi, kisha Spika anaita swali linalofuata. Waziri ametoka salama kwa sababu hakuulizwa chochote. Kuona umuhimu hakumgharimu mtu kitu.

Wapo watakaosema sheria haiokoi mtu. Wana hoja. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, sheria ya 2003 ilikuwepo. Kivuko cha kubeba abiria 101 kiliua watu 228. Lakini kivuko kile kilikuwa mali ya Serikali, chini ya TEMESA, wakala wake wa ufundi na umeme, na mwenye kukagua vyombo vya majini ni Serikali hiyohiyo. Mwenye chombo na mkaguzi wanapokula meza moja, anayebaki kuuliza bila kujiuliza mwenyewe ni mbunge aliye nje ya Serikali. Ndiyo maana naiona hasara kubwa kwamba baada ya uchaguzi wa 2020 wapinzani hawakufikia hata idadi ya kuunda kambi rasmi bungeni. Wabunge wa chama tawala nao huuliza, na wengine huuliza vizuri, ila wanajua mahali pa kuishia.

Kwa hiyo ombi langu kwa wabunge wa upinzani, walio wachache na watakaokuja, ni hili. Acheni kuuliza kama Serikali inaona. Ulizeni muswada uko wizarani, Baraza la Mawaziri au kwa Mwandishi Mkuu wa Sheria; umekaa hapo tangu lini; na utasomwa mara ya kwanza katika mkutano upi. Jibu likishaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, mkutano huo ukifika bila muswada, simameni tena na ukurasa huo mkononi, mkamsomee Waziri maneno yake mwenyewe.