Uzio wa Mkonge Kuzunguka Bustani ya Nyumbani



Katika mazungumzo ya leo nataka tutazame ua wa bustani, ile bustani ndogo ya nyuma ya nyumba, yenye mchicha, nyanya, mlenda na tuta mbili tatu za viazi. Bustani hiyo ndiyo mboga ya watoto. Lakini mbuzi watatu wakiingia usiku mmoja, asubuhi hakuna mchicha, na baada ya mchicha kuliwa huja ugomvi na jirani mwenye mbuzi.

Sasa tunaizungushia nini? Ukipita vijiji vya Bariadi, Itilima au Meatu wakati wa kiangazi, utaona bustani nyingi zimezungushiwa matawi ya miiba. Mkulima anachukua shoka, anakwenda porini, anakata miiba, anaikokota mpaka nyumbani. Mvua inainyeshea, mchwa wanaila, na mwakani anarudi tena porini na shoka lake. Hesabu mwenyewe, ndugu mkulima, umekata miti mingapi kwa miaka kumi ili kulinda bustani moja.

Wazee wetu wanakumbuka. Kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1986 serikali ilianzisha huko mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imebaki tupu bila miti. Wananchi wakatenga ngitili, na miti ikarudi. Basi si busara kuirudisha miti kwa mkono wa kulia na kuikata kwa mkono wa kushoto.

Ua ninaousema leo ni wa mkonge, au katani kama wengi tunavyouita. Mmea huu asili yake ni Meksiko. Uliletwa nchini mwaka 1893 na Dakta Richard Hindorf. Alinunua miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Usukumani mkonge ulipandwa zaidi mipakani na kuzunguka kaya, na bei ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1950, watu waliuza nyuzi za mikonge hiyo hiyo ya mipakani.

Mtasema: huyu anatufundisha nini, mkonge si tunao? Kweli tunao. Lakini tuutazame vizuri. Mwingi umekuwa kichaka. Hapa umesongamana mpaka nyoka na panya wamefanya makao, pale pana pengo ambalo ng'ombe anapita bila kuinamisha kichwa. Huo si ua tena. Mkonge huwa ua pale unapopandwa kwa mstari na kutunzwa kila mwaka.

Tuanze na miche. Mkonge ukizeeka hutoa mti mrefu wa maua katikati, ule tunaouita mlingoti. Hutoa mara moja tu, kisha mmea hufa. Juu ya mlingoti huo huota vitoto vidogo, na mlingoti mmoja unaweza kukupa zaidi ya 1,000. Hivyo ndivyo miche bora, kwa sababu hukua sawasawa. Maotea yanayochipuka chini ya mmea mkubwa yanafaa pia, ila uchague yenye afya na yanayolingana. Wengine wana yuka mbele ya nyumba, ule mmea wa pambo wenye majani kama panga. Yuka ni jamaa ya mkonge, na kipande cha shina lake ukikipanda huota. Usijaribu hivyo kwa mkonge.

Vitoto vya mlingoti visipelekwe moja kwa moja kwenye ua. Vipande kwanza kitaluni mvua zinapoanza, sentimita 25 kati ya mche na mche, na sentimita 50 kati ya mistari. Palilia. Baada ya mwaka mmoja hivi miche itakuwa na urefu wa sentimita 30 hadi 40, nayo iko tayari kuhamishwa mwanzo wa mvua za msimu unaofuata.

Chimbua miche, punguza mizizi, ondoa majani makavu ya chini. Ikikaa kivulini siku chache haitakufa. Panda mistari miwili, mita 1 kati ya mstari na mstari, na sentimita 75 kati ya mche na mche, kwa kupishana, ili mche wa mstari wa pili uzibe nafasi ya mstari wa kwanza. Bustani ya mita 20 kwa 20, ukiacha mlango wa mita 2, itataka miche 210 hivi. Mlingoti mmoja unatosha, na ziada utawagawia majirani.

Usifukie mche sana. Udongo usiingie katika moyo wake, la sivyo utaoza. Na hili wakulima wa mbugani walisikie vizuri: mkonge huvumilia jua, lakini hauvumilii miguu yake kukaa majini. Kwenye udongo mweusi unaotuama maji, inua tuta kwanza, ndipo upande juu yake. Kwenye luseni, udongo wetu wa kichanga, hakuna shida hiyo. Tena acha nafasi ya hatua mbili kati ya mkonge na tuta la kwanza la mboga, kwa kuwa mizizi yake hutambaa karibu na uso wa ardhi na kunyang'anya mboga maji.

Miaka miwili mitatu ya kwanza ua huo haujafunga. Mwanambuzi atapita chini. Kwa hiyo usiung'oe ua wa miiba uliopo; uache uishie hapo hapo wakati mkonge unakua. Huo ndio uwe wa mwisho kuukata porini.

Ua ukishafunga, kazi ni tatu. Ya kwanza, kung'oa maotea kila mwaka yangali madogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Otea moja ukilidharau leo, baada ya miaka mitano utahitaji watu kumi na majembe. Ya pili, kukata miba ya ncha kwenye majani yanayoelekea njiani na mlangoni, maana mwiba huo hutoboa jicho la mtoto au la ndama. Ya tatu, kukata majani kwa kiasi. Kata ya chini tu, yaliyolala. Yaliyosimama yaache, yasipungue 20 kwa kila mmea. Ukikata zaidi mmea hudhoofika, na ua wako unakuwa na mapengo.

Majani uliyokata yaparwe mapema, kabla hayajakauka, upate nyuzi za kamba za kufungia ng'ombe na za kuwambia vitanda. Usitegemee nyuzi nyingi: katika kilo 100 za majani hutoka kilo 4 hivi. Maji ya mkonge yanawasha ngozi, basi jihadhari na macho. Na nawaomba sana, msiloweke majani ya mkonge kwenye lambo. Maji yataoza, samaki watakufa, na lambo ni la kijiji kizima, watu na mifugo. Makapi yake yalundike yaoze, yatakuwa mbolea.

Mwisho, kama ua wako unapita mpakani, mwite jirani na mwenyekiti wa kitongoji kabla hujachimba shimo la kwanza. Mkonge hukaa miaka kumi na zaidi. Ukipandwa kwa makubaliano unakuwa shahidi wa mpaka. Ukipandwa kwa ujanja unakuwa kesi ya watoto wenu.

Haya ndugu wakulima, tafuteni mlingoti mmoja kijijini, na kitalu kiwe tayari kabla ya mvua. Kwaherini, mpaka mazungumzo yajayo.