Pointi 9 na Kiti cha Udaktari

Mhitimu wa kidato cha sita, mchepuo wa PCB, ana C tatu: Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa kuwa A huhesabiwa pointi 5, B 4 na C 3, mkononi ana pointi 9, na moyo wake uko kwenye udaktari wa Chuo Kikuu cha Muhimbili.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutaja sifa za chini za kila kozi, na mwombaji akizitimiza hudhani kiti ni chake. Sivyo. Sifa hizo humruhusu kuomba tu. Idadi ya nafasi imeandikwa kwenye mwongozo huohuo, na waombaji wakizidi nafasi, wenye pointi 13 na 14 hutangulia.

Aombe Muhimbili, bila kusita. Ila tangu 2017 maombi hupelekwa kwa kila chuo moja kwa moja, hivyo aombe na vyuo vingine, na chini ya udaktari aweke famasia au uuguzi.

Akichaguliwa na vyuo viwili, athibitishe kimoja kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa. Inauma sana kijana kupata nafasi kisha kuipoteza kwa kutothibitisha! Mkopo nao huombwa kivyake, Bodi ya Mikopo.