Kabla ya Kununua Gari la Umeme Lililotumika

Msikilizaji, ukienda kutazama Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, usianze na rangi wala viti. Liwashe gari, kisha angalia kwenye dashibodi, kando ya kipimo cha chaji. Leaf za mwanzo zina vipande vidogo 12 ambavyo haviongezeki ukichaji: vinaonyesha uzima wa betri yenyewe. Cha kwanza hupotea uwezo wa betri ukishapungua kwa takriban asilimia 15. Muuzaji akikuambia si kitu, mwombe apunguze bei.

Betri ya Leaf hupozwa na hewa tu, haina maji ya kuipoza. Ndiyo maana joto la Mombasa au Dar es Salaam huichosha upesi kuliko baridi ya Limuru. Usiliache gari juani siku nzima likiwa limejaa chaji. Kwa mizunguko ya mjini asilimia 80 yatosha. Lijaze kabisa ukiwa na safari.

Oili ya injini na plagi sahau. Breki nazo hudumu, kwa kuwa mota hupunguza mwendo huku ikirudisha umeme betrini. Ila matairi, kwa uzito ule, yakague mara kwa mara. Na betri ndogo ya volti 12 bado ipo. Ikifa, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa.

Kabla ya kulichaji nyumbani, fundi umeme akague nyaya na soketi. Ekstensheni ya kawaida hupata moto, hata kuungua. Na zile nyaya za rangi ya chungwa chini ya boneti? Fundi wa mtaani asiziguse, hata akiwa shemeji yako.