Upele wa Mbuzi Wakati wa Kipupwe

(Mazungumzo na wafugaji wa Chole)



Kipupwe kimeingia. Toka Juni hadi Agosti upepo wa kusi unavuma, usiku una baridi, na majani yanakauka. Ndiyo miezi ambayo mbuzi wetu hujikuna sana. Wanajisugua kwenye minazi, kwenye kuta za magofu, hata kwenye milango yetu. Na sisi husema, "Aa, ni ukavu tu wa ngozi, mpake mafuta ya nazi."

Je, ni ukavu tu? Tumtazame mbuzi vizuri. Ngozi kavu hutoa unga mweupe kama majivu, basi. Huyo mafuta na majani mabichi vitamsaidia. Lakini akinyonyoka manyoya puani, machoni na masikioni, ngozi ikawa nene yenye magamba, kisha mwenzake zizini naye akaanza, huo ni upele. Unaletwa na vidudu vidogo mno, jamii ya utitiri. Majike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Wakati wa baridi mbuzi hulala wamebanana, basi vidudu huhama kutoka mmoja hadi mwingine. Hata mtu anayewashika aweza kuwashwa mikono.

Mafuta ya nazi hulainisha magamba, lakini hayaui vidudu. Oili chafu ya mashine ndiyo mbaya zaidi: inaunguza ngozi, na mbuzi akijilamba inamdhuru.

Dawa ifaayo ni ivamektini. Bwana mifugo humchoma mbuzi chini ya ngozi, kwa kufuata uzito wake. Sindano moja haitoshi, kwa sababu dawa haiui mayai. Ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 14 hivi. Na kwa kuwa kusoma tumejua, tusome chupa: tarehe ya mwisho ya dawa, na siku za kungoja kabla ya kuchinja au kunywa maziwa. (Mbwa asichomwe kwa kipimo cha mbuzi. Wako mbwa waliokufa kwa dawa hii.)

Sasa tuseme lililotuleta. Kumfuata bwana mifugo ni safari: chombo hadi Utende, kisha gari hadi Kilindoni. Mmoja akienda peke yake akatibu mbuzi wake, yule wa jirani asiyetibiwa atamrudishia upele. Fedha imekwenda bure! Lakini kisiwa chetu ni kidogo, na mbuzi hawaogelei kuja Chole. Tukichanga, bwana mifugo akaja mara mbili tu, mbuzi wote wakachomwa siku moja, na takataka za mazizi zikachomwa moto siku hiyo hiyo, upele utajificha wapi? Bibi mwenye mbuzi mmoja na hana fedha, tumlipie. Mbuzi wake akiachwa, hasara ni yetu sote.

Baada ya hapo, mbuzi mgeni kutoka Juani au Mafia afungwe mbali wiki nne, atazamwe ngozi kwanza.

Tena iko Idi ya Kuchinja. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mnyama mwenye upele hafai kwa udhuhiya. Kwa hiyo mwenye mbuzi wa namna hiyo hukosa mnunuzi wakati ule ule ambao bei ni nzuri.

Daftari liko hapa mezani. Kila mtu aandike mwenyewe jina lake na idadi ya mbuzi wake, wakubwa kwa wadogo, ili tujue ni dawa kiasi gani ya kuagiza.