Turbo Inapoharibika Mara ya Pili

Malalamiko haya hutufikia kwa sura moja. Mwenye gari kuukuu la dizeli hubadilishiwa turbo, hulipa, na baada ya majuma machache moshi wa buluu hurudi. Gereji husema spea ilikuwa mbovu. Muuzaji wa spea husema fundi ndiye aliyeiharibu. Katikati yao yupo mteja, anayeombwa sasa fedha za turbo ya tatu. Tunamsihi asizitoe bado.

Mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa mafuta ya injini. Utando huo ukikatika kwa muda mfupi tu, beringi huungua. Kwa hiyo turbo mpya inayokufa upesi mara nyingi imeuawa na injini yenyewe. Bomba dogo linaloleta mafuta limezibwa na masizi, au chujio lililo ndani ya sampu limejaa utope, au bomba la kurudisha mafuta limebanwa. Katika baadhi ya injini, washa za shaba zilizo chini ya nozeli huvuja, moshi wa mwako ukapenya na kuyageuza mafuta kuwa kama lami. Chembe za chuma za turbo ya kwanza nazo, zikiachwa katika mafuta, huisaga ya pili.

Kulichunguza jambo hili hakuhitaji mitambo ya gharama. Fundi hulifungua bomba la mafuta kwenye turbo, akaizungusha injini bila kuiwasha, akapima mafuta yaliyotiririka chupani na kuyalinganisha na kipimo cha mtengenezaji. Mwombeni aandike alichokiona, na chanzo cha kuharibika, kabla spea nyingine haijanunuliwa. Anayekataa kuandika, sisi hatungemwachia gari.

Sheria ya Kenya ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, na humo yamo makadirio ya gharama na kurudishiwa vipuri vilivyoondolewa. Muuzaji akitaka turbo ya zamani irudi kwake, ipigeni picha kwanza, pamoja na nambari yake. Tunzeni pia risiti za mafuta mapya, filta na bomba jipya la mafuta, kwa kuwa wauzaji wengi hawatambui dhamana bila hizo.

Liko jambo moja lisilongoja risiti. Turbo ikivuja sana, injini ya dizeli huweza kuchoma mafuta yake yenyewe, ikanguruma kwa kasi na kukataa kuzimika hata ufunguo ukitolewa. Kwa gari la gia za mkono, kanyageni breki kwa nguvu, wekeni gia ya juu kabisa, kisha achieni klachi ili injini ijizime. Ikishindikana, au gari likiwa la gia za otomatiki, shukeni mkasimame mbali nalo.